Ngazi ya Kati Haina Umri

Nimeandika siku zangu katika madaftari tangu nilipotoka shule darasa la saba, na karibu yote niliyoandika ni mvua, mahindi, na nani amekufa. Hili la paipu sikuliandika wakati lilipotokea. Kurasa za wiki zile zipo, lakini zinasema "kumenyesha" na "nimepanda maharagwe," na ukweli ni kwamba maharagwe nilikuwa nimeshayapanda kitambo. Kwa hiyo haya yanatoka kichwani, na kichwa cha mtu huwa kinampendelea mwenyewe. Nitajaribu kumtendea haki ndugu yangu. Sina hakika kama nitaweza.

Shamba la marehemu baba linashuka hadi mto Isiukhu. Haliteremki mara moja kama paa la nyumba. Ukitoka barabarani unakuta tambarare, hapo ndipo nyumba ya mama ilipo. Unashuka ukingo mkali, unakuta tambarare nyingine. Unashuka tena, unakuta ya tatu, ambayo mto ukijaa unaifikia. Baba alipogawa, ya juu ilibaki ya mama, ya kati ikawa ya ndugu yangu mkubwa, na ya chini, yenye mbu, nikapewa mimi. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini ardhi ilikaa hivyo. Kuna afisa wa kilimo alipita zamani akatusifu kwamba tumechimba matuta mazuri ya kuzuia udongo, na sisi tukaipokea sifa.

Kisha akaja madam. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, si mtoto, mama wa makamo hivi, anasomea mambo ya ardhi kwa shahada ya juu. Alikuwa mtu wa Pwani, lakini akisomea Nairobi. Msaidizi wa chifu alimleta kwangu, yeye na dereva wake, kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana kwa kuzunguka kando ya mto, nikikata mafunjo na kutegea kambare. Nilimwita daktari, akakataa.

"Bado, mzee. Usinitangulizie. Nikimaliza kazi hii ndiyo nitakuwa."

Basi nikamwita madam.

Alinieleza kazi yake siku ya kwanza tukiwa tumesimama kwenye muwa wa ndugu yangu. Aliokota jiwe la mviringo, laini kama yai, akaniuliza limefikaje huku juu. Nikasema yamejaa hapa, ukilima yanakula jembe. Akasema mawe ya namna hiyo yanasuguliwa na mto tu, kwa hiyo mto uliwahi kupita pale tuliposimama. Nikatazama chini. Kutoka pale hadi kwenye maji ungeweza kusimamisha mikaratusi miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Mto haukushuka," akasema. "Nchi ndiyo imeinuka. Chukua panga."

Akanifanya nishike panga mahali pamoja, makali yakitazama chini, nisilisogeze. Yeye akashika kipande cha muwa chini yake, akakisukuma juu polepole. Panga likaingia kwenye muwa bila mimi kufanya chochote.

"Panga ni mto. Muwa ni nchi hii yote mpaka milima ya Nandi. Inasukumwa kutoka chini, kidogo sana, huwezi kuhisi. Ikipumzika, mto unapanuka na kutandaza mawe na mchanga. Ikisukumwa tena, mto unakata, na ile sakafu ya zamani inabaki juu kama ngazi. Nikijua ngazi ina umri gani na iko juu ya maji kiasi gani, nitajua nchi imepanda kwa kasi gani."

Sikuwa nimewahi kuelezwa kitu kwa heshima namna hiyo. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini nilitaka sana kile kilichofuata.

Tulichimba mashimo matatu, moja kila ngazi. La kati ndilo lilikuwa roho ya kazi. La juu lilikuwa limevurugwa na miaka ya kulimwa, mchwa, na mizizi. Alilichimba lakini hakuliamini sana. La chini lilikuwa changa, alijua kabla ya kuchimba. La kati ndilo lingesema kasi, na lilikuwa kwa ndugu yangu peke yake, kwa sababu kwa majirani pande zote mbili ngazi ile ilikwisha kuliwa na wapiga matofali na wachota mchanga. Kwa ndugu yangu ilikuwa nzima kwa sababu alipanda muwa na hakupenda watu waingie kwake.

Alikataa mwanzoni. Mama akamwomba, akakubali, akiwa amenuna. Miaka mingi ya ujana wake aliimalizia kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Ikolomani. Mgongo wake umepinda kwa ajili ya dhahabu ambayo wengine walivaa. Aliwahi kukamatwa huko na askari akalala korokoroni kwa kosa la kuchimba shamba la mtu ambaye mwenyewe alikuwa amemwajiri. Mtu kama huyo akiona wageni wenye vyuma vya kupimia wanachimba shamba lake na hawasemi dhahabu, anafikiri nini?

Jioni moja alikuja kwangu tukiwa tunakula obusuma, ugali wetu, akakaa mlangoni.

"Sasa wewe niambie. Hao wanatafuta nini?"

"Umri wa mchanga."

"Umri wa nini?"

"Mchanga. Una miaka mingapi tangu ufukiwe."

Akamgeukia mke wangu. "Shemeji, umesikia? Mtu anatoka Nairobi na gari kubwa anakuja kuuliza mchanga umezaliwa lini. Wewe mchanga, kitambulisho kiko wapi? Umejiandikisha kura?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi pia nilicheka, na huenda hapo ndipo nilipokosea, maana nilicheka badala ya kumweleza. Nilikuwa nimeshaelezwa vizuri na ningeweza kumweleza vizuri. Lakini kulikuwa na utamu kidogo wa kujua kitu ambacho mkubwa wangu hajui. Nimefikiria sana jambo hilo na bado naona lilikuwepo.

Maelezo yenyewe yalikuwa rahisi. Madam alisema chembe ya mchanga ni kama simu. Ikiwa imefukiwa gizani inachajiwa kidogo kidogo na nguvu iliyo ndani ya ardhi yenyewe, mwaka baada ya mwaka, maelfu ya miaka. Jua likiiona hata kidogo, chaji yote inaisha. Kwa hiyo anachukua mchanga bila kuuonyesha jua, anaupeleka maabara ya ng'ambo, wanaufungua kwenye chumba chenye taa nyekundu hafifu, na wanapima una chaji kiasi gani. Chaji nyingi, miaka mingi.

Ndiyo sababu ya paipu. Zilikuwa za chuma, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mimi ndiye niliyezipigilia kwa nyundo kwenye ukuta wa shimo, zikazama mpaka mwisho. Kisha tulijifunika plastiki nyeusi ngumu, mimi na yeye, kama watu wanaojifukiza mafua, tukazichomoa tukipapasa, tukaziba midomo na kuzungushia selotepu nyeusi. Tatu zote. Akaandika kwa wino mweupe: juu, kati, chini.

Siku ile aliniambia kwamba akimaliza hapa atafuata mto kwenda juu, kuelekea ukingo wa Nandi, misimu miwili mizima, na anataka mtu wa kuzisoma kingo. "Wewe unaziona ngazi kabla yangu," alisema. Nina miaka hamsini na kitu. Nimebeba muwa, nimechunga, nimechimba vyoo vya watu. Hakuna aliyewahi kunitaka kwa sababu ya macho yangu.

Kisha gari lao likaharibika, na pia kulikuwa na barua ya kibali aliyotakiwa kuifuata mwenyewe Nairobi. Hakutaka kupanda basi na paipu zile zikigongwa na mizigo ya watu. Akaniachia. Nilizifunga kwenye blanketi, nikaziweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Shimo la kati alisema liachwe wazi mpaka arudi, au mpaka aseme.

Jumamosi nilikwenda Lubao kuuza ndama. Mke wangu alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Nyumba yetu haifungwi kwa kufuli, nani angeiba?

Niliporudi sikugundua kitu. Niligundua Jumapili alasiri, nilipovuta sanduku ili nizitazame. Ndiyo, nilikuwa nikizitazama kila siku, kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga. Blanketi lilikuwa limekunjwa kwa namna nyingine. Paipu ya kati ilikuwa imezungushiwa selotepu vizuri, lakini kwa mkono wa mtu mwingine, ikielekea upande ambao sisi hatukuelekea. Nilipoiinua, ilicheza ndani. Mchanga wa madam haukuwa unacheza. Ulikuwa umeshindiliwa na mto wenyewe.

Nilimkuta ndugu yangu akinoa panga.

"Umefungua paipu?"

Hakuzunguka. "Moja. Ile ya kwangu. Za kwenu sijagusa."

"Kwa nini?"

"Nimeosha na karai. Nimeosha polepole vile tunaoshanga, mpaka ule mchanga mweusi wa mwisho, ule dhahabu hubaki nao. Hakuna kitu. Hata alama."

"Nilikuambia hakuna dhahabu!"

"Uliniambia mchanga una umri." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Na sikuiba. Nimeanika kwa gunia, umekauka, nimerudisha wote. Hata mkono mmoja haujapotea. Pima."

Hapo ndipo uchungu ulipo. Aliurudisha wote. Mwizi asingefanya hivyo. Aliuosha, akauanika juani mchana kutwa, akaugeuza kwa mkono ili ukauke sawasawa kama mama anavyogeuza wimbi, akaurudisha mahali pake, akaziba. Kila hatua ya uaminifu wake iliuua zaidi. Angekuwa mwizi mbaya, akachungulia mdomoni tu na kuziba, huenda mchanga wa katikati ungebaki salama. Maelfu ya miaka ya chaji yaliishia kwenye gunia la mbolea kati ya saa nne na saa kumi.

Nilimweleza basi. Nikamweleza simu, chaji, giza. Alisikiliza. Uso ulimbadilika, na nakiri nilifurahi kuuona ukibadilika.

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Wewe ulicheka."

"Wewe pia ulicheka." Akaweka panga chini. "Usimwambie. Ataleta askari. Mimi mgongo huu siwezi kulalia sakafu tena."

"Hawezi kuleta askari."

"Unamjua? Unajua mtu wa Nairobi akikasirika anafanyanga nini?"

Sikusema nitamwambia wala sitamwambia. Nilirudi nyumbani.

Jumatatu mama alianza habari ya shimo. Shimo la kati lilikuwa na kina cha kimo changu, na kwa kuwa lilichimbwa refu kwa upande mmoja ili mwanga uingie, lilionekana kama kaburi. Tena lilikuwa hatua chache kutoka kwenye nyumba ya ndugu yangu. Kwetu kaburi halichimbwi likaachwa. Likichimbwa ni lazima lile, lisipopewa linajitafutia. Mjukuu mmoja wa ndugu yangu alikuwa na homa. Homa ya kawaida, naamini, alikwenda kliniki akapona. Lakini mama hakulala.

"Limekaa na mdomo wazi siku ngapi?" aliniuliza. "Mnalichekea tu. Mimi nimezika, najua."

Nikampigia madam kumwomba ruhusa ya kulifukia. Nilipiga kwa ajili ya mama, huo ndio ukweli, na njiani kuelekea penye mtandao nilijiambia kwamba nitasema na lile jingine. Madam alishika simu akiwa mahali penye kelele, nadhani ofisi ya watu wengi. Nikamweleza shimo linawasumbua wazee.

"Sawa, mzee," akasema. "Nilitaka kuuchora ule ukuta tena lakini nina picha. Muhimu ni paipu. Ziko salama?"

Nikasema, "Ziko salama, madam."

Nimejitetea mara nyingi. Mbili zilikuwa salama. Hakuuliza kila moja. Kulikuwa na kelele. Nilikuwa namlinda mkubwa wangu. Nilitaka kwanza nifikirie. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini aliyeuliza alikuwa akiniuliza kama nguzo bado imesimama ili aondoe mkono wake kwenye ukuta, nami nikamwambia aondoe. Na sababu iliyokuwa chini ya nyingine zote ni kwamba niliiona ile misimu miwili ya kufuata mto ikiondoka.

Tulilifukia jioni ile ile, jua bado likiwepo, mimi na ndugu yangu. Alikata mgomba mzima, akautengeneza urefu wa mtu, tukaushusha kwa kamba. Mama alisimama ukingoni, akasema maneno machache kwa lugha yetu, akimwambia aliye chini apokee huyu, asitafute mwingine. Kisha tukarudisha udongo. Ndugu yangu alishindilia kwa miguu mpaka mgongo ukamshinda. Nadhani kila mmoja wetu aliona afadhali, na kila mmoja kwa sababu yake.

Madam alirudi baada ya siku tisa. Katika siku hizo tisa simu yangu ilikuwa na chaji na salio. Naliandika hili kwa sababu ndilo linalonishitaki.

Nilimwambia kabla hajaziweka garini. Kwamba nilimwambia kwa hiari nisijisifie. Nilijua maabara ingeona tu. Mchanga uliooshwa ungejulikana, na kama usingejulikana ungesema uongo mkubwa zaidi, kwamba ngazi ile imezaliwa wiki iliyopita. Nilimwambia nikiwa nimeshika paipu yenyewe. Nikaitikisa asikie.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti.

"Ulisema ziko salama."

"Nilisema."

"Uliponiambia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitazama viatu vyake. Halafu, na hili ndilo sitalisahau, alinyanyuka akapangusa suruali na karibu atabasamu.

"Basi. Si mwisho wa dunia. Ukuta uko pale pale. Tunalifungua, naingiza paipu nyingine kando ya tundu la kwanza, tabaka ni lile lile. Saa mbili, tatu. Nina paipu garini."

Nikahisi moyo umefunguka. Kisha nikakumbuka, nikasema, "Madam, tulilifukia na mgomba."

"Mgomba? Tutautoa."

Mama alikuwa amefika na chai. Aliiweka chini.

"Mwanangu," akamwambia madam, "wewe ni mgeni. Nitakuchinjia kuku, ingokho nzima, ule ushibe. Lakini hilo shimo limeshakula. Kinywa kikishakula, huingizi mkono kutoa chakula."

"Mama, ni mti tu ule."

"Kwako ni mti."

Ndugu yangu aliitwa. Nilitegemea akatae kwa hasira, nami nipate mtu wa kulaumu. Hakukasirika. Alivua kofia mbele ya madam, jambo ambalo sijawahi kuona akimfanyia mtu, hata chifu.

"Madam, kosa la mchanga ni langu. Mimi ndiye nilifungua, usimlaumu huyu kwa hiyo. Kama ni kushtaki, nishtaki. Lakini kufungua hiyo siwezi. Nina wajukuu wanne hapo. Ukienda na paipu yako, na mmoja akifa hata baada ya mwaka, nani hapa atasema ni malaria? Watasema ni mimi nilimtoa yule aliyelala pale ili mwenye paipu apate kazi."

Madam alijaribu. Alisema atachimba pembeni, hatua mbili kutoka pale. Kwa mama hilo lilikuwa shimo la pili, kaburi la pili. Alisema atamleta mchungaji aombe. Mama akasema mchungaji ni wake, anamjua, naye shimo lake la choo alilifukia na mgomba. Madam alicheka kidogo, bila furaha.

Kisha akanitazama mimi. Kwa nini mimi, najua. Mimi ndiye niliyeshika panga. Mimi ndiye niliyemwelewa. Ningeweza kusema, "Mama, hilo shimo nitalifungua mimi, na likitaka mtu nitakuwa mimi." Siamini mambo ya shimo kula. Nadhani siamini. Mama angelia, ndugu yangu angeondoka na kunipisha, na saa tatu zingetosha. Nilitazama chai. Mpaka leo sijui kama nilimwogopa mama, au ndugu yangu, au lile shimo.

Aliondoka na paipu mbili. Hakumchongea mtu kwa chifu. Alinipa mkono, akasema asante kwa kazi, na aliposema asante niliona kwamba hakunichukia. Alikuwa tu amenifuta. Msimu uliofuata nilisikia gari lao limeonekana upande wa juu, karibu na ukingo wa Nandi, na mtu aliyekuwa naye alikuwa wa Chekalini huko Lugari, mtu wa mahindi ambaye sidhani aliwahi kutazama ukingo wa mto isipokuwa alipomwogesha ng'ombe. Huenda namwonea. Huenda ana macho mazuri.

Alirudi mara moja, baada ya zaidi ya mwaka. Alikuwa amefaulu, sasa ni daktari kweli, lakini alifaulu kwa kuandika upya sehemu kubwa ya kazi. Wakubwa wake walimuuliza mbona kasi anayoisema haina ushahidi wa katikati, akalazimika kuiondoa. Haya alimweleza msaidizi wa chifu, ndiye aliyeniambia. Watu wa chuo waliona ni vyema majibu yarudishwe kwa wenye mashamba, kwa hiyo tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa, kama watu thelathini, tukapewa soda.

Alitundika mchoro ukutani. Nilitambua shamba letu hata kabla hajasema. Ilikuwa ajabu kuliona limekatwa ubavuni hivyo, mto chini, nyumba ya mama juu. Ngazi ya chini ilikuwa na umri wake kwa wino mweusi. Ya juu ilikuwa na umri wake na alama ya shaka. Ya kati ilikuwa imechorwa, imepakwa rangi, mawe yake ya mviringo yamewekwa moja moja, na pale pa umri palikuwa peupe.

Mwalimu mstaafu aliyekaa mbele aliinua mkono. "Hii ya katikati mbona haina kitu?"

"Sampuli iliingia mwanga," akasema daktari.

"Iliingiaje?"

"Inatokea. Ni kazi inayotaka uangalifu sana."

Hakututazama, mimi wala ndugu yangu, ingawa tulikuwa mstari wa tatu, bega kwa bega, kwa sababu viti vilikuwa vichache. Mwalimu mstaafu akaridhika. Mtu mwingine akauliza kama nchi ikiendelea kupanda mto utakauka, watu wakacheka, mkutano ukaendelea. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Nilihesabu watu watatu waliouliza maswali baada ya lile, na baada ya kila mmoja kulikuwa na kimya kidogo ambacho mtu angeweza kusimama ndani yake.

Tulirudi pamoja, kwa kuwa njia ni moja. Ndugu yangu alitembea mbele, akishika kiuno.

"Amekuficha," akasema.

"Ametuficha."

"Hapana, mtoto wa mama. Mimi nilivua kofia nikasema ni mimi. Siku ile ile, mbele ya mama, mbele yake. Angeniita leo ningesimama tena niseme mbele ya hao wote wenye soda. Mimi sina kitu cha kufichwa." Akangoja nimfikie. "Nani alimwambia ziko salama?"

Nilimwambia kwamba mbili zilikuwa salama.

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mnyama wa mwenzake aliyekonda. Tulipofika kwenye ukingo wa ngazi yake alikata kushoto kuelekea kwake, nami nikaendelea kushuka.